Anayesema "wao", anayesema "yeye" na anayesema "tulieni": yupi umpe sikio?

Mwaloni Kirumba, soko letu la dagaa hapa Mwanza, asubuhi hakuna siri. Kabla umande haujakauka juu ya maturubai utakuwa umeshajua bei ya dagaa wa Ukerewe, nani kakimbia na hela za nani, na mwanasiasa gani jana kamwaga sera na gani kamwaga pumba. Siku moja kijana anayenipakilia magunia alinisogezea simu nitazame hotuba. Jamaa alikuwa juu ya gari, mkono mmoja umeshika maikrofoni, mwingine umenyoosha kidole.

"Mama, huyu ndiyo mwanaume," akasema. "Anawachana. Hamung'unyi maneno."

"Anawachana akina nani?"

"Si hao wageni. Wanatumalizia dagaa wetu."

Gunia alilokuwa nalo begani lilikuwa limeshalipiwa na mgeni. Lori lilikuwa la kwenda Rusumo, mpakani na Rwanda.

Sikumcheka, maana nusu ya alichosema nakikubali. Mtu anayemung'unya maneno simtaki hata mimi. Ila jukwaani kuna wasemaji wa aina tatu, na spika zikifunguliwa wawili kati yao wanafanana sauti. Wa tatu huongea kwa upole, na ndiye anayetuchanganya zaidi. Nawalinganisha hapa kama ninavyolinganisha dagaa: namwaga kiganjani, natazama mchanga umebaki kiasi gani.

Kipimo changu ni viambishi, vile tulivyofundishwa shule ya msingi. Wa kwanza shabaha yake ni kundi la watu kwa jinsi walivyozaliwa: kabila lile, dini ile, nchi ile. Wa pili shabaha yake ni mtu mwenye jina, cheo na jambo alilolitenda. Wa tatu hana shabaha yoyote. Anasema tu: tulieni, msiharibu amani.

Mfano wa kipimo hiki uko katika hotuba ambayo kila Mtanzania wa rika langu ameisikia redioni. Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin liliingia Kagera, na Amin akatangaza kwamba ardhi ya kaskazini ya mto ni ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa. Alisema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Rudia hicho kitenzi polepole. Ni kumpiga. Hakusema kuwapiga. Hotuba haikuwa ya upole hata kidogo, na neno "nduli" tulilomvika Amin halikuwa la adabu. Lakini silabi ile moja ilimwachia Mganda mlango wazi, na wengi walipita. Waganda waliokuwa uhamishoni walipigana bega kwa bega na jeshi letu, na Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 walikuwemo. Ingekuwa vita ya "wao", wangepigana upande gani?

Nisiwapambe wazee wetu kupita kiasi. Miaka hiyohiyo sisi tulikuwa tunawaita Wakenya manyang'au, wote kwa jumla, pamoja na mchuuzi wa Isebania ambaye hakuwa na ubepari wowote zaidi ya kapu la nyanya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Kuna sababu za fedha na za siasa zilizoivunja, si matusi peke yake, ila matusi yalifanya kazi yake: kila upande uliona kuachana ni ushindi. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa hadi 1983. Meli za ziwa, zilizokuwa za wote na zikizunguka Kisumu, Port Bell, Bukoba na Mwanza, ziligawanywa kama vyombo vya wanandoa walioachana. MV Victoria ilibaki kwetu.

Msemaji wa "wao" anapendwa kwa sababu anamrahisishia kila mtu kazi, yeye mwenyewe kwanza. Ukimuuliza barabara ya mwaloni mbona mashimo, jibu lipo: wao. Kiwanda kimefungwa: wao. Diwani wa aina hii anaweza kukaa miaka mitano bila kutandika kokoto moja na bado akarudi, kwa sababu hakuchaguliwa kwa ajili ya kokoto. Ndivyo kura inavyokufa huku watu wakiendelea kupanga foleni. Kura ni chombo cha kumwajibisha mtu, na msemaji huyu ameshahamisha hesabu kutoka kwake kwenda kwa jirani yako.

Kisha linakuja la pili, kubwa zaidi. Uchaguzi ukishakuwa kabila langu na lako, kushindwa si kungoja miaka mitano tena, ni kumezwa. Nani atakubali kumezwa kwa karatasi? Kenya baada ya kura ya Desemba 2007 waliuawa zaidi ya watu 1,100, na walioyahama makazi yao walihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Reli iling'olewa Kibera, na mafuta yakaadimika Uganda na Rwanda, nchi ambazo hazikupiga kura hiyo. Na watu wasifikiri ni ugonjwa wa Afrika: tarehe 6 Januari 2021 Wamarekani walilivamia bunge lao baada ya kuambiwa kwa miezi kwamba wenzao wamewaibia.

Lakini kwa mtu wa ziwani, mfano mmoja unatosha kuliko yote, nao nauandika kwa uzito.

Tarehe 22 Novemba 1992, mahali panapoitwa Kabaya, kaskazini magharibi ya Rwanda, mwanasiasa wa chama tawala, Léon Mugesera, aliuhutubia mkutano wa chama. Aliwaambia wasikilizaji kwamba Watutsi kwao ni Ethiopia, na kwamba watarudishwa huko kwa njia ya mkato, kwa mto Nyabarongo. Sasa fuata maji. Nyabarongo huingia Akagera, Akagera hupita maporomoko ya Rusumo, mpakani mwetu, kisha ndiyo Kagera, na Kagera humwaga katika ziwa hili. Hotuba ilitaja mto miezi kumi na saba kabla. Kuanzia Aprili 1994 mto ulianza kuleta watu. Upande wa Uganda peke yake walizikwa zaidi ya 10,000 walioopolewa majini, katika makaburi ya pamoja ambayo yapo hadi leo, Kasensero, Lambu na Ggolo. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja wakaingia Ngara.

Mimi nilikuwa darasa la tano. Bibi alizuia samaki nyumbani kwetu, sangara, sato, hata dagaa. Hakueleza. Tulikula maharage hadi tukachukia, na mimi nikadhani hela zimeisha.

Mugesera alikimbilia Canada. Mahakama ya juu ya huko iliamua mwaka 2005 kwamba hotuba ile ilikuwa ya uchochezi, akarudishwa Rwanda Januari 2012, akahukumiwa kifungo cha maisha Aprili 2016. Kwa hiyo hotuba ya siku moja ilichukua zaidi ya miaka 23 kufika kwenye hukumu hiyo. Wale wa redio ya RTLM, waliokuwa wakiwaita wenzao mende hewani, walihukumiwa hapa kwetu Arusha Desemba 2003. Mtu akikuambia "ni maneno tu ya kampeni", mtajie mto.

Najua kijana wangu hajafika huko, na mgombea wa simuni hajafika huko. Wengi hawafiki. Ndiyo maana ni bora kutazama madhara madogo, yale ya kawaida, na hapo nimegundua swali linalosaidia sana: mdomo uliotamka uko juu kiasi gani?

Linganisha mwaka 2019 na 2013.

Juni 2019 mbunge wa Starehe, Nairobi, Charles Njagua, yule mwanamuziki Jaguar, aliwapa wafanyabiashara wa kigeni saa 24, wakiwemo Watanzania, la sivyo wapigwe na kuondolewa. Bunge letu lilichemka. Balozi wa Kenya akaitwa ajieleze. Lakini serikali ya Kenya iliyakana maneno yale haraka, mbunge akakamatwa, na mwanzoni mwa Julai Rais Uhuru Kenyatta akatua Chato, ziwani hapahapa, nyumbani kwa Rais Magufuli. Wiki mbili, moto ukazimika. Wateja wangu wa Sirari, mpakani na Kenya, hawakukosa hata gunia moja.

Mwaka 2013 mdomo ulikuwa juu. Mei, huko Addis Ababa, Rais Kikwete aliishauri Rwanda izungumze na waasi wa FDLR, kundi lenye watu waliohusika na mauaji ya 1994. Ushauri huo, uwe mzuri au mbaya, Kigali waliuona ni tusi, na majibu ya Rais Kagame yakawa ya vitisho. Julai, akiwa ziarani Kagera, Rais wetu akawapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke. Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga katika Kagera, Kigoma na Geita. Haramu walikuwemo, silaha na wizi wa ng'ombe vilikuwemo, sibishi. Lakini operesheni ikishapata jina, mgambo wa kijiji hapimi karatasi, anapima pua na lafudhi. Waliondoka watu waliokuwa wameishi nasi miongo, wenye wake na wajukuu upande huu. Mwezi huohuo Rwanda ikapandisha tozo ya barabara kwa malori yetu kutoka dola 152 hadi dola 500, ikisema ndiyo tunayowatoza wao. Kenya, Uganda na Rwanda wakawa wanakutana bila sisi, hadi Novemba Rais akalazimika kulieleza Bunge kwamba hatutoki kwenye Jumuiya.

Mteja wangu wa Kigali hakunitukana wala hakuniacha. Alipunguza tu bei ya kila gunia, akasema, "Dada, hiyo tofauti imekaa Rusumo." Nililikuta daraja hilohilo tena tarehe 6 Aprili 2016, kwenye televisheni, Magufuli na Kagame wakilizindua jipya pamoja na kituo cha pamoja cha forodha. Ilikuwa safari ya kwanza ya Magufuli nje ya nchi akiwa rais. Karibu miaka mitatu, basi, kwa maneno ya miezi mitatu.

Kwa hiyo mbunge mropokaji ana mkubwa wa kumkana. Rais akiropoka, atakanwa na nani? Hata akitaka kurudi nyuma, amesikiwa na wapiga kura wake, na mwenzake naye amesikiwa na wa kwake. Migingo, kisiwa cha ziwani humu kinachogombewa na Kenya na Uganda, ni jiwe lisilofika nusu ya uwanja wa mpira, lakini mwaka 2009 lilitosha kung'oa tena reli Kibera, na Rais Museveni alipokubali kwamba kisiwa ni cha Kenya ila maji ni ya Uganda, lawama aliwashushia Wajaluo kama kabila. Wajaluo wako Kenya, wako Uganda kwa binamu zao, na wako Rorya kwetu. Ukimtukana Mjaluo ziwani hujui unamtukana raia wa nani.

Sasa wa pili, msemaji wa "yeye". Simnadi kama malaika. Novemba 2014 Bunge lilipojadili kashfa ya fedha zilizochotwa katika akaunti ya Tegeta Escrow, lugha ilikuwa chafu tangu miezi ya nyuma: mbunge alimwita Mwanasheria Mkuu mwizi, na Mwanasheria Mkuu akamwita mbunge tumbili. Watoto walikuwa wanaigiza mitaani. Lakini angalia kilichofuata. Kulikuwa na ripoti ya kamati, majina, tarakimu, benki. Desemba Mwanasheria Mkuu, Jaji Werema, alijiuzulu, na waziri Anna Tibaijuka, mbunge wa Muleba Kusini, akaondolewa. Hakuna nyumba ya Mhaya iliyochomwa kwa sababu Tibaijuka ni Mhaya. Hakuna nchi jirani iliyomwita balozi. Aliyetajwa aliweza kusimama na kujitetea, na alijitetea. Tusi la kuzaliwa halina utetezi. Utasema nini, kwamba hukuzaliwa?

Kasoro ya msemaji huyu ni kwamba huwa anachosha. Anakuja na makaratasi. Mkutano wake jua likiwaka watu wanatawanyika, wakati yule wa "wao" angekuwa ameshawaimbisha.

Wa tatu nilikuwa nampenda. Mtu anayehubiri amani sokoni, nani amchukie? Biashara inataka utulivu. Ila nimekuwa mtu mzima nikaanza kumuuliza: utulivu wa nani, na kwa muda gani? Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa 2016 kwa hoja ya kufanya kazi kwanza, na zuio likaondolewa Januari 2023. Mkutano wa Chadema hapa Furahisha mwezi huo ulijaa watu ambao miaka sita walikuwa wamebana pumzi. Katikati hapo, Julai 2021, Freeman Mbowe, mwenyekiti wa Chadema wakati huo, alikamatwa Mwanza usiku wa kuamkia kongamano la katiba. Rwanda, kwa sababu zinazoeleweka kabisa baada ya 1994, walitunga sheria dhidi ya kukana au kupunguza uzito wa mauaji ya kimbari, na dhidi ya itikadi yake. Ni sheria za namna hiyo, pamoja na za usalama, zilizomweka gerezani Victoire Ingabire aliyetaka kugombea urais, hadi msamaha wa 2018. Chombo cha kuzuia kidole cha "wao" kikageuka kizuizi cha kidole cha "yeye".

Na hapa ndipo niliposhtuka, kwa sababu wa tatu humzaa wa kwanza. Ukikatazwa kumtaja aliyetenda, hasira haipotei, inatafutiwa mgeni. Mei 2025 wanaharakati na mawakili wa Kenya walizuiwa na wengine kufukuzwa walipokuja kufuatilia kesi ya uhaini ya kiongozi wa upinzani, Tundu Lissu. Kesi ilikuwa ya mtu mmoja katika mahakama moja, Dar es Salaam. Ndani ya siku chache ikawa Wakenya na Watanzania wanatukanana mitandaoni, mama zetu wakitajwa, hadi Rais Ruto akaomba radhi kwa majirani katika hafla ya maombi ya taifa. Kisha ikaja 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu. Damu ilimwagika mijini, intaneti ikazimwa. Rais Samia alipoapishwa Dodoma tarehe 3 Novemba alisema baadhi ya vijana waliokamatwa wametoka nje ya nchi. Huenda baadhi walitoka. Niliowaona mimi wakikimbia mtaani kwetu nilikuwa nawajua kwa majina ya mama zao.

Mtu atasema: basi hata mizaha ya makabila ipigwe marufuku. Hapana, hapo tusichanganye. Mtani wangu hapa sokoni hunitukana mbele ya wateja, kabila langu lote, ukoo hadi kwa babu, nami simbakizi. Baba yangu alipofariki ndiye aliyejilaza kaburini akidai alipwe ndipo tuzike, na ndiye aliyeosha masufuria siku ya tatu. Utani una deni. Mgombea wa juu ya gari akimaliza kuwachana "wao" hana msiba wa kwao atakaokwenda kuosha sufuria.

Na je, kama kweli mgeni anakubana? Hili haliondolewi kwa hotuba za udugu. Wapo wanunuzi wanaoruka vibali, wanaolipa wavuvi usiku huko visiwani na kutuacha sisi na makapi. Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, na Kenya ikalalamika kwamba inakiuka soko la pamoja. Mimi amri ile sijaisherehekea wala sijaililia. Nadhani vipengele vingine vina haki na vingine vitaturudi sisi wenyewe tulio Nairobi na Kampala. Lakini amri inataja biashara, faini na kifungo, inaweza kupingwa kwenye mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha, ikarekebishwa. Kati ya amri mbaya na kelele za "waondoke", nachagua kubishana na amri.

Kama unanidai chaguo, nalitoa: wa pili, pamoja na matusi yake na makaratasi yake. Wa tatu nitamsikiliza akianza kwa kuniambia nani aliharibu hiyo amani. Wa kwanza simpi hata akiwa wa ukoo wangu, na akiwa wa ukoo wangu ndiyo kabisa, maana huyo atatuponza wote.

Kijana hakuridhika na maelezo haya. Nilimwambia basi tuhesabu. Tukatandika turubai, akarudisha hotuba mwanzo. Kila jamaa anaposema "wao", "hao" au "hawa watu" tunaweka dagaa mmoja kushoto. Anapomtaja mtu kwa cheo na alichofanya, mmoja kulia. Madereva wawili wakasogea, mmoja wa namba za Rwanda, wakaanza kutuhesabia kwa sauti.

Hotuba ilikuwa ya dakika 11. Fungu la kushoto lilifika dagaa 34. La kulia lilikuwa na dagaa mmoja, na huyo tulibishana naye muda mrefu: alikuwa amemtaja mwenyekiti wa mtaa, lakini kwa kumsalimia.